Jumamosi Tuliyobadilishana Baiskeli

Mimi ni mtu wa kuuliza hata pasipo na wa kujibu, na kazi ya kufundisha fizikia imenizidishia ugonjwa. Mke wangu husema siku malaika wa mauti akinijia, nitamwuliza kwanza kapitia mlango gani. Basi swali lililonikaa kooni mwaka juzi lilikuwa la kijinga kidogo, lakini lilininyima raha: hivi baiskeli ya bei mbaya inamwongezea mtu mwendo kweli, au tunajidanganya tu na mwendo ni wa miguu?

Kwetu Tanga baiskeli haimshangazi mtu. Mji ni tambarare, na kila mtu anaendesha: mama mwenye kapu la samaki, ustadhi mwenye kanzu aliyoikunja magotini, binti wa chuo. Kinachoshangaza ni mtu kuendesha bila kutumwa. Sisi tuko wachache, watu wazima wenye kazi zetu, na kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri tunakutana Usagara, tunashika njia ya Pongwe hadi Muheza, tunapumzika, tunarudi. Jirani yangu aliwahi kuniuliza Muheza nafuata nini. Nikamwambia sifuati kitu, naenda halafu narudi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole, mwalimu." Hadi leo akiniona na helmeti ananipa pole.

Tunakutania mbele ya duka la rafiki yangu, anayeuza misumari, rangi na mabomba ya maji. Wazee wake walitoka Bara Hindi zamani hizo, na duka limerithiwa toka kwa babu. Mimi babu yangu aliletwa na mkonge, akakata mkonge, akazikwa shambani. Kwa hiyo tukibishana juu ya neno la Kiswahili, yeye hunimaliza kwa kusema, "Nyamaza, mtu wa kuja." Ana kitambi, ana ndevu zenye mvi, na alikuwa akiendesha baiskeli nyeusi ya chuma aliyoachiwa na marehemu baba yake, yenye madigadi yanayogongana na kiti cha springi.

Mimi nilikuwa na baiskeli ya kaboni. Niliinunua kwa mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake akawa anauza kila kitu, mpaka chujio la chai. Bei sitaitaja hapa, maana mke wangu naye anajua kusoma. Ukiinyanyua unaweza kudhani umenyanyua mwavuli. Usukani wake umeinama chini, tairi nyembamba, na ukiacha kukanyaga pedeli, gurudumu la nyuma linalia trrrrr kama nyenze. Siku ya kwanza mwenye duka aliizunguka, akaitazama chini, akaitazama juu, kisha akaniuliza, "Sasa mwalimu, unga utabebea wapi?"

Kilichonichoma ni kwamba hakuachwa nyuma. Wallahi nilitarajia nimpoteze kabla ya Pongwe. Nilijikunja juu ya ule usukani mpaka kidevu kikakaribia magoti, nikakanyaga, moyo ukanidunda masikioni, nikageuka. Yupo! Amekaa wima kama anakwenda kutoa mahari, ananieleza jinsi saruji ilivyopanda. Nilimwambia baadaye, tukinywa chai, kwamba upepo ndio adui mkubwa wa mwendesha baiskeli, ndiyo maana mimi nainama. Akanijibu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hilo sawa. Lakini upepo haujui bei, mwalimu."

Tukaenda Maramba safari moja, nikisema milima ndiyo itatoa hukumu. Huko kaboni ilinitia aibu. Njia ya vumbi na mawe ilinipiga pancha mara kwa mara, mpaka mwenye duka akawa ananisubiri kivulini huku akila ndizi. Lakini penye lami na mwinuko nilimwacha, na nilimwacha vizuri. Sasa hapo ni kitu gani? Ni wepesi wa baiskeli? Ni kitambi chake? Ni kwamba yeye alifunga duka usiku akalala kidogo? Nikawa naumwa na hilo swali. Darasani nawaambia wanafunzi kila siku: ukitaka kujua sababu, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache kama vilivyo.

Nikamwambia, "Tubadilishane baiskeli."

Akacheka sana. "Nikiipenda je? Utarudi na ya baba yangu?"

Kabla sijasema tulivyobadilishana, lazima niseme habari ya mama mkwe, kwa sababu mambo haya mawili yaligongana.

Mke wangu ni Mbondei, na mama yake alikuwa anauza machungwa kwenye kibanda kando ya barabara, kabla hujaingia Muheza mjini, pale mteremko unapoishia. Kwa watu wa kwetu mkwe unampa mkono, mnakaa, mnakula. Kwa wakwe zangu haiwi hivyo. Mjomba wa mke wangu alinifunza kabla ya ndoa, akarudia mpaka nikachoka: mama mkwe humshiki mkono. Humtazami usoni, wala yeye hakutazami. Yeye anajitanda kanga na kugeuza uso pembeni, wewe unatazama chini, mnasalimiana kila mtu akizungumza na upande wake. Na ukiwa juu ya baiskeli unashuka mapema, unaikokota, unasimama mbali kidogo ndipo utoe shikamoo. Kumpita mkweo umekaa juu ya baiskeli ni tusi, na tusi hilo linaitiwa kikao.

Nikashika adabu hiyo bila shida. Kusema kweli niliipenda, maana ilikuwa na utaratibu. Kila Jumamosi nikifika kwenye mteremko naacha kukanyaga, nateremka polepole, nashuka, nasimama. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hawajambo huko?" "Hawajambo mama." Wenzangu wananisubiri mbele wakinicheka kimyakimya, kisha tunaendelea.

Jambo lililomkosesha mke wangu usingizi wakati ule ni macho ya mama yake. Alikwenda kumtembelea akakuta chai imetiwa chumvi. Safari nyingine akamkuta na kovu la moto mkononi, na siku hiyohiyo mama akajigonga kwenye mwimo wa mlango ambao ameupita tangu aolewe. Mke wangu alimsihi aje Tanga akaonwe na daktari wa macho, ikibidi akae kwetu. Mama akakataa katakata. Akasema macho yake mazima, ni uzee tu wa kusahau. "Kama hamniamini," akasema, "mwulizeni mkwe wangu kama simwoni."

Nami nikaulizwa, nikatoa ushahidi. Ilikuwa kweli tupu: kila Jumamosi, nikiwa bado kwenye mteremko, nilimsikia akimwambia muuza machungwa mwenzake, "Mkwe wangu huyo anakuja." Nikifika namkuta amekwisha kusimama, kanga kichwani, uso pembeni. Nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza kabla sijavua helmeti, "Mama umemwonaje?" Namjibu, "Mama yako ananiona toka mbali kuliko ninavyomwona mimi." Nilikuwa namwona akishusha pumzi. Lakini akirudi kutoka Muheza anakuja na jambo jingine la kutisha, na tunaanza upya. Mwishowe akasema, "Basi mimi ndiye mwenye wasiwasi. Wewe unamwona kila wiki."

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenyewe.

Nilitoa zile pedeli zangu za kubana viatu nikafunga za kawaida, ili mwenye duka asianguke akanidai mguu. Tulikunywa uji uleule, tukatoka saa ileile. Wenzetu wengine siku hiyo walikuwa na harusi, tukawa wawili tu. Alipokaa juu ya kaboni alishika usukani kwa vidole, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Hatujafika mbali akaniita, "Mwalimu! Hii inakwenda yenyewe!" Halafu akanyamaza, na mtu yule kunyamaza si kawaida. Nikamwona anainama. Nikamwona anapungua mbele yangu.

Mimi na chuma cha marehemu tukabaki tunasalimiana. Niseme haki: baiskeli ile si mbaya kama nilivyodhani. Ni nzito kuanza, lakini ikishachanganya haitaki kusimama, na kiti chake ni rehema. Nilikuwa najipima kwa udadisi mkubwa: hapa naumia mapaja, hapa upepo wa kifuani, hapa mnyororo unakula nguvu yangu bure. Baada ya Pongwe aliniacha kabisa. Nikafurahi, niseme uongo? Nilifurahi kuachwa. Nilisema moyoni, kumbe pesa yangu haikupotea!

Nilimpata tena kwa macho nilipofika juu ya ule mteremko. Alikuwa katikati, ameacha kukanyaga, na nyenze inalia mpaka naisikia nilipo. Chini nikamwona mama mkwe anainuka. Akajitanda kanga. Akageuza uso pembeni, akasubiri.

Mwenye duka si mkwe wake. Hana la kushukia. Na jinsi alivyokuwa amelewa mwendo, aliinua mkono tu kumsalimu, akapita vuuu.

Mama akabaki amesimama vilevile. Uso pembeni, mikono ameikunja tumboni. Nyenze ikafifia kuelekea mjini, naye bado amesimama. Nikateremka, nikashuka mapema kama ilivyo ada, nikaikokota baiskeli, nikasimama mahali pangu. Pumzi zilikuwa zimenikaba, sauti haitoki. Mwenzake wa kibandani hakuwapo. Mama akasikia mtu, akageuka, akanielekea uso wazi, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu nimwoe mwanawe.

"Karibu, baba, chagua fungu," akasema. "Ni matamu, ya leo asubuhi."

Nilisimama pale mita chache kutoka kwake, mchana kweupe, nikiwa na helmeti yangu ileile na uso wangu uleule. Macho yake yalikuwa yanatazama juu kidogo ya bega langu.

Akaendelea, kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyomweleza mgeni asiyemjua: "Samahani, baba, umepishana na mtu wa baiskeli hapo? Ni mkwe wangu yule. Leo kanipita. Hajapata kunipita hata siku moja. Sijui nimemkosea nini."

Jamani. Nilifikiri ninunue machungwa ninyamaze niende zangu, abaki na heshima yake. Halafu nikafikiri atakaa wiki nzima akijiuliza kosa lake. Hilo sikuliweza.

"Shikamoo mama," nikasema. "Ni mimi."

Alishtuka mwili mzima. Mkono ukapapasa kanga, akageuza uso haraka, na kwa kugeuka vile akagonga fungu la machungwa yakaporomoka. Nikainama kuyaokota, naye akainama, na niliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vinayatafuta chini, vinakosa, vinarudi. Nikawa namsukumia moja moja karibu na mkono, bila kumgusa. Tulikuwa tumechuchumaa wote wawili mpaka yakaisha.

"Yule aliyepita?" akauliza.

"Ni rafiki yangu, mama. Tulibadilishana baiskeli. Tulikuwa tunataka kujua kama mwendo ni wa baiskeli au ni wa miguu."

"Na mmejua?"

"Bado, mama."

Akatikisa kichwa. Nadhani alicheka kidogo, au alikuwa anajifuta machozi, sikutazama. "Baiskeli yako inalia," akasema. "Nakusikia toka kule juu. Nikikusikia nainuka."

Nikamwuliza tangu lini. Swali hilo nililiuliza kwa woga, ingawa mengine yote maishani nayauliza kwa kiherehere. Akasema tangu masika ya mwaka uliopita. Kwanza pembeni, kama mtu anayefungiwa madirisha, bila maumivu, na sasa jicho moja giza na jingine linaona kupitia tundu dogo la mbele. Pesa anazitambua kwa vidole, na mwenzake humsaidia. Kisha akasema, "Mwanangu usimwambie. Atanichukua."

Nilitoa buriani, nikapanda chuma, nikamkuta mwenye duka mjini anang'aa uso. "Mwalimu, baiskeli hii ina jini! Mgongo umekufa, lakini ina jini!" Akataka nimpe matokeo ya kitaalamu. Nilipomweleza yaliyonikuta alikaa chini ukingoni mwa barabara, akashika ndevu. "Nilimpungia mkono," akasema. "Astaghfirullah. Nilimpungia mkono mtu asiyeona." Tulirudi kila mtu juu ya baiskeli yake, na sikumbuki nani alitangulia.

Mke wangu nilimwambia mchana huohuo, akiwa anachambua mchele. Nilijua nimeombwa nisiseme. Lakini ningekaa naye meza moja kila siku nikijua? Alisimama, mchele ukamwagika. "Uliniambia anakuona toka mbali!" akasema. "Wewe! Mtu wa vipimo!" Nikasema mimi sikutazamana naye, adabu yenu hainiruhusu kumtazama. Akasema, "Adabu yetu haikukataza kufikiri." Halafu akalia, nami nikakosa pa kuweka mikono yangu.

Tulikwenda Muheza siku ya pili yake. Mama alinijua kwa hatua, akageuza uso, akamwambia mwanawe, mimi nikisikia, "Mumeo ana mdomo." Kuja hospitali alikubali baada ya vuta nikuvute. Kuja kukaa kwetu akakataa. "Nikae nyumba moja na mkwe? Nitapita wapi? Nitakohoa wapi? Mtu mzima nipapase kuta za mkwe wangu akinitazama? Bora giza la kwangu." Mke wangu alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga mila ile.

Wenzangu wa Jumamosi bado wananiuliza habari ya jaribio. Tulilirudia baadaye, kwa njia nyingine, na jibu ninalo: baiskeli ya bei mbaya inasaidia, chini ya ulivyolipa na zaidi ya anavyokiri mwenye duka. Kwenye mwinuko na penye upepo utaiona faida. Mengine ni usingizi, uji na ubishi wa moyo. Kizuri hakikosi ila. Naona jibu hilo ni la kweli, ila halinipi tena ile raha niliyoitarajia nikiwa nalitafuta.

Siku ya hospitali daktari wa macho, kijana mpole, alimpima mama kwa muda mrefu. Akasema ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwenda na halirudi. La kushoto tundu lililobaki linaweza kulindwa kwa dawa ya matone kila siku, asikose, na mtu wa kumtilia awepo. Angechelewa kidogo tu, akasema, hata hilo lisingekuwapo. Akauliza nani aliyegundua. Mama akajibu yeye mwenyewe, "Ni mkwe wangu. Alishuka kwenye baiskeli."

Tulipotoka mke wangu alikwenda dirisha la dawa, akatuacha sisi wawili juu ya ngazi za kuteremkia uani. Nilisimama mahali pangu, mbali kidogo, macho chini. Mama alinyoosha mguu, ukatafuta ngazi, ukarudi. Akanyoosha tena, ukarudi. Watu walikuwa wanapita wanatuzunguka. Nilitamani mke wangu atokee, nikageuka kumtafuta, hayupo. Mama alivuta pumzi, akafunua kanga usoni.

"Baba," akasema, akinielekea mimi mwenyewe, "hiyo dawa ya kila siku utanitilia wewe au mwanangu?"

"Yeyote utakayemtaka, mama."

"Basi nishike mkono. Ngazi hizi sizioni."

Nikamshika.